Kijiko Kilichoshiba

Bluu ya pili ya Bibi Mbeho niliipima mimi mwenyewe, Jumanne saa tatu asubuhi, na sikushtuka. Ukifika mwaka wa pili kwenye kazi hii huwa hushtuki tena.

Aliingia kibandani akiwa ameshafutwa kidole gumba kwa spiriti pale mlangoni, kama wenzake wote, akakaa mbele ya meza yangu, akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mnyamwezi."

"Mbukwa, bibi."

"Leo umetubebea nini? Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu mabegani, wewe umeleta kijisanduku cha taa. Mzigo unapungua kila kizazi. Mwisho mtabeba sindano."

"Babu zangu wangebeba zaidi, ila walikufia hapa kwa kiu, wakisubiri babu zako washushe bei ya maji."

Foleni ya nje ikacheka. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na kwa utani hakuna aliyewahi kutupangia kiasi. Nikavua glavu nikampa mkono. Yeye huupokea kwa mikono yake yote miwili, na hauachii mpaka aulize habari za kila barabara niliyopita, nami nimepita nyingi: Mpanda, Tunduma, machimbo ya Chunya, reli ya kati mara nne kwa miguu. Sikumharakisha. Ana miaka themanini na kitu, mimi sitini na saba.

Alipomaliza nikavaa glavu, nikamwekea kigae, akabonyeza kidole gumba. Nikafunika kisanduku, nikawasha taa ya zambarau, nikachungulia. Kushoto pamewaka bluu. Kulia, pa njano, giza.

"Umeshiba, bibi," nikasema. Ndivyo tulivyoagizwa tuseme.

"Nimeshiba nini?"

Nilitazama mkono wake. Kiwiko chake kilikuwa kinene kuliko mkono wenyewe.

Aliyemfuata ni Sechelela, mke wa mwanawe. Yeye hakunipa mkono. Mwanamke wa umri wake hampi mkono mzee kama mimi. Alipiga goti kidogo akiwa mbali, akasema shikamoo, akasogea, akabonyeza. Njano. Iliwaka kama kiini cha yai la kienyeji.

"Njaa," nikasema. Mtambo ukaandika: unga wa siku kumi na nne.

Bibi Mbeho alikuwa hajatoka. Alisimama ameshika nguzo ya mlango.

"Mpima," akaniita, na nikajua utani umekwisha. "Huyu na mimi tunakula chungu kimoja. Mwiko ni mmoja. Yeye ana njaa, mimi nimeshiba?"

"Mama, twende," Sechelela akasema.

"Namuuliza yeye."

"Kigae hakikosei, mama." Alisema taratibu, bila hasira. "Hata kwa baba hakikukosea."

Baba ni Mzee Chidumizi, mume wa Bibi Mbeho. Alipata bluu tatu, na sheria ya mgao ni kwamba bluu ikifika tatu kadi inafutwa. Hupimwi tena. Alifutwa mwezi wa sita, akafa mwezi wa nane. Baada ya kumzika, watoto wake walichimba chini ya kitanda chake kutafuta nafaka aliyokuwa akila peke yake. Hawakukuta kitu. Wakasema basi aliimaliza.

Mimi nilikuwepo msibani. Kwa kuwa ni mtani, nilipaswa kuchekesha, na nilichekesha.

*

Kigae chenyewe ni kipande cha udongo mweupe, ukubwa wa kiberiti, chenye madoa mawili ya unga. Watu wanauita masega, na ndivyo ulivyo. Tumsifu, mkuu wa kituo, aliwahi kunionyesha picha yake iliyokuzwa: vyumba na vyumba. Chembe za zinki ndizo nguzo za kwenye kona, kaboni ndiyo boriti, katikati ni uwazi mtupu. Alisema ukichukua kijiko cha chai cha unga ule na kuzikunjua kuta zake zote, utatandika uwanja mzima wa mpira. Nilimwambia anipe hicho kijiko nikahamie humo.

Jasho la mtu lina asidi amino, zile punje ambazo nyama na maharage na dagaa huvunjwavunjwa kuwa. Kila punje ina umbo lake, na kila chumba kimetengenezwa kwa umbo moja tu. Punje ikiingia kwenye chumba chake, chumba kinawaka chini ya taa ya zambarau. Doa la kushoto lina vyumba vya punje zinazotoka kwenye chakula. La kulia lina vyumba vya punje zinazovuja pale mwili unapoanza kujila misuli yake. Bluu, njano. Majibu yanakwenda moja kwa moja kwenye mtambo, na mtambo ndio unaotuma ndege isiyo na rubani, imebeba magunia kadiri ya njano zilizohesabiwa. Hakuna mwenyekiti wa kumbembeleza wala mjumbe wa kumpa kuku. Wakati wa ukame wa kwanza wenyeviti walikula unga wa watu mpaka watu wakafa. Kigae kilipokuja, watu walikipokea kwa vigelegele. Nilivisikia.

Siku ile mchana, foleni ilipoisha, nilikaa mezani kula. Watumishi wa kituo tunapewa chakula chetu, na mimi mfukoni sikosi dagaa wakavu. Nawatafuna kuanzia asubuhi, mazoea ya barabarani. Nikawa nawaza lile la chungu kimoja.

Nikafungua daftari. Waliofutwa hapa Mhesela tangu nifike ni thelathini na mmoja. Nikasoma majina. Mzee fulani, bibi fulani, mzee, mzee, bibi. Hakuna aliyekuwa chini ya miaka sabini.

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa na magamba ya dagaa.

Kitabu cha maelekezo kinasema mpima avae glavu wakati wote. Mimi nilizivaa, ila nilizivua kwa wazee tu. Mtu aliyelelewa hawezi kumpa mzee mkono ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni, kama anayeokota kinyesi. Nilizivua wakiwa wameshafutwa spiriti, kabla ya kubonyeza. Vijana sikuwapa mkono, kwa hiyo vijana walipimwa jasho lao wenyewe.

Nikachukua kijiko changu cha chakula. Nikakisugua kwa spiriti mpaka kikalia, nikakikausha, nikachomoa kisanduku kwenye mtambo, nikakibonyeza kijiko kwenye kigae kipya. Giza pande zote mbili. Kijiko hakina jasho.

Kisha nikakipa mkono. Nilikishika kwa kiganja, kama ninavyomshika Bibi Mbeho, nikahesabu muda wa kuuliza Mpanda, Tunduma, Chunya. Nikakibonyeza tena.

Bluu.

Nilikaa nikiitazama ile bluu mpaka taa ikajizima yenyewe. Nilisubiri nisikie kitu, uchungu au hofu. Dagaa walikuwa bado mdomoni. Nikawameza.

*

Tumsifu ni Mpare wa miaka thelathini na mbili, ana shahada mbili na hana mzaha. Nilipomweleza, alirudia lile jaribio mara tatu mbele yangu, kwa kijiko changu na mkono wangu. Halafu akajaribu kwa mkono wake. Bluu pia, hafifu kidogo.

"Ngozi ya mzee ni kavu," akasema, zaidi kwa kujisemea. "Jasho lake ni kidogo sana. Lako linalifunika." Akazima taa. "Mzee Mihambo, nani mwingine anajua?"

"Kijiko."

Hakucheka. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, magoti yakigusana, kama binti anayetaka kumwambia baba yake habari za ugonjwa.

"Nisikilize. Tukiripoti kwamba mpima amechafua vipimo, mtambo haufuti vya wazee peke yao. Unafuta vya kituo kizima, kisha unakifunga mpaka waje wakaguzi. Siku sitini. Mhesela ina watu elfu moja na mia moja. Siku sitini bila ndege."

"Najua."

"Hujui. Ukame wa kwanza mimi nilikuwa na miaka tisa. Siku sitini ninazijua." Akalivuta daftari. "Waliofutwa na wako hai ni wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa. Kila gunia linabaki na unga kwenye mishono. Tukikung'uta yote tunapata madebe mawili kwa wiki. Utawapelekea wale kumi na tisa kimyakimya. Kuanzia kesho hutamvulia mtu glavu, na bibi yako akija mara ya tatu atatoka njano kama mwenzake. Hakuna atakayekufa tena. Unanielewa, baba? Hakuna hata mmoja."

Nilimwelewa. Hesabu nilijifunza kwenye mizani ya pamba, na hii ilikuwa imekaa sawa pande zote.

"Na yule aliyechimbiwa chini ya kitanda?" nikamuuliza.

"Ameshakufa."

"Ndiyo."

"Basi." Akasimama. "Glavu, mzee."

*

Nilianza kugawa Ijumaa. Bibi Mbeho hakuwa kwenye wale kumi na tisa, kadi yake ilikuwa bado hai, lakini mpaka kipimo chake cha tatu zilibaki siku kumi na moja, na nyumbani kwake walikuwa wameshaanza kumpimia tonge kwa jicho. Nilimkuta kisimani peke yake, anasubiri maji yapande. Nikamtilia kibaba cha unga kwenye pindo la khanga, akafunga fundo.

"Wa nini huu?"

"Mabaki ya gunia."

"Mnyamwezi anadondosha mzigo? Hiyo haijawahi kuandikwa popote." Akanyoosha mkono anisalimie vizuri.

Sikuutoa wa kwangu. Mikono yangu nilikuwa nimeiweka yote miwili nyuma, yenye glavu. Mkono wake ukabaki hewani, halafu ukarudi kwenye khanga kutafuta la kufanya.

"Una kidonda?"

"Hapana, bibi."

"Haya," akasema. Akachukua ndoo yake, robo ya maji, akaondoka. Hakusema neno la utani njia nzima nilipokuwa namwona.

Kesho yake jioni nilipita kwao. Sikufika mlangoni, sauti zilinisimamisha kwenye boma la mbuzi. Sechelela alikuwa amesimama uani, khanga ya mama mkwe wake mkononi, fundo limefunguliwa. Mumewe, Nhonya, yuko kando, na majirani wawili watatu wameshajaa. Bibi Mbeho ameketi chini, miguu ameinyoosha.

"Huu hapa," Sechelela alikuwa anasema. Hakuwa anapiga kelele. Ningependelea apige. "Nilikataa kuamini, mama. Kwa baba niliamini, kwako moyo ulikataa. Watu waliniambia funga unga, nikasema simfungii mama. Huu hapa."

"Nimepewa," akasema Bibi Mbeho.

"Na nani? Kipindi hiki anayegawa unga ni nani?"

Bibi Mbeho aliinua macho. Alikuwa ameniona, pale kwenye miiba, juu ya bega la mwanawe. Alinitazama kwa muda kama ule anaotumia kuniuliza Mpanda na Tunduma. Kisha akayaondoa macho.

"Nimeokota," akasema.

Nhonya akakohoa. "Mama utahamia kwenye kile kibanda cha nyuma. Utapika chako. Sisi tuna watoto."

"Sawa."

"Hatukufukuzi."

"Nimesema sawa, Nhonya."

Mimi niligeuka nikarudi kituoni. Ni mwendo wa nusu saa. Nilitembea nusu saa. Njiani niliona mbuni wawili, nikakumbuka kwamba ilikuwa miaka mingi sijaona mbuni.

*

Jumatatu asubuhi foleni ilikuwa ndefu, kama watu mia mbili. Nilitoa meza nje ya kibanda. Kisanduku cha taa, kisahani cha vigae, kijiko. Tumsifu alikuwa mlangoni anafuta watu vidole, akainua kichwa, akaona kijiko. Alielewa papo hapo. Alikuja haraka akasimama mbele yangu, mgongo kwa watu.

"Siku sitini, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Niangalie usoni useme."

"Siku sitini."

"Kwenye foleni hii kuna watoto wangapi, umehesabu?"

"Arobaini na mmoja."

"Na bado?"

Nilitaka nimpe sababu nzuri. Sikuwa nayo. Nilikuwa na bibi aliyeketi chini uani, akisema nimeokota.

"Nilipomfunika kwa unga wako, wakamwita mwizi kwa unga wako," nikasema. "Nikimnyima, watamwita mwizi kwa kigae changu. Sijui pa kumweka, Tumsifu."

Alinitazama. Angeweza kulichukua lile sanduku. Ni mkuu wangu, na ana nguvu kuliko mimi. Akasogea pembeni hatua moja, akakunja mikono.

Niliwaambia watu wasogee, waone wenyewe. Mimi si msemaji. Nikakifuta kijiko kwa spiriti, nikampa mwanamume mmoja akinuse, nikakibonyeza, nikawaita wachungulie watatu watatu. Giza. Kisha nikavua glavu, nikakisalimu kijiko. Mbele za watu wote, Mbukwa, habari za asubuhi. Kuna waliocheka. Nikakibonyeza tena, nikawaita tena.

"Bluu," akasema wa kwanza. Hakuwa anacheka tena.

"Kijiko hiki kimeshiba," nikasema. "Kimeshiba mkono wangu. Wazee wenu niliwapa mkono huu kabla ya kuwapima, mmoja mmoja, thelathini na mmoja. Kila mmoja nilimpima jasho langu. Hawakula chochote. Mzee Chidumizi hakula chochote. Hamkukuta kitu chini ya kitanda kwa sababu hakikuwepo."

Safari hii sikuwa nimechomoa kisanduku kwenye mtambo. Kwenye kioo cha mezani yakaja maandishi: kipimo bila kadi, eleza. Nikaeleza, kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne. Nilipobonyeza kutuma, ile taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikiwaka usiku na mchana tangu kituo kifunguliwe ikawa nyekundu. Kituo kimefungwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe. Watu waliitazama taa, kisha wakatazama juu, upande ndege inakotokea.

Sechelela alikuwa wa kumi na kitu kwenye foleni, amemleta mtoto wa mgongoni kupimwa. Alitoka, akaja mpaka mezani.

"Kwa hiyo mama hakula," akasema.

"Hakula. Na ule unga nilimpa mimi."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea mzigo na kuupanga begani. Halafu akauliza, kwa sauti ileile: "Na huyu mgongoni atakula nini siku sitini?"

"Sijui, mama."

"Hujui." Akageuka akaondoka. Nilimwona anakwenda upande wa nyumbani, kwanza anatembea, halafu anakimbia, kichwa cha mtoto kinaruka mgongoni.

*

Saa nane mchana nilikuwa nimeshafunga virago. Mpima aliyechafua haruhusiwi kulala kituoni. Tumsifu alinipa stahiki yangu, nusu gunia la unga, chakula cha mtumishi cha miezi miwili. Hakuniaga, lakini alinishikia mlango.

Nje alikuwepo Bibi Mbeho. Sechelela alikuwa mbali kidogo nyuma yake, ameketi kwenye jiwe, macho yamevimba. Ni wazi alimleta, kwa mkono au kwa mgongo, maana bibi asingefika peke yake.

"Mbukwa, Mnyamwezi."

"Mbukwa, bibi."

"Wamekuja kunitoa kwenye kile kibanda. Nhonya amelia kama ndama. Wakaenda wote kaburini kwa baba yake, wakapiga magoti." Akapumzika kidogo, pumzi zilikuwa fupi. "Wengine wanasema wakupige. Nimewaambia wasubiri, mtani wangu nitampiga mwenyewe."

"Nipige."

"Sina nguvu. Nimeshiba mno."

Foleni haikuwepo tena ya kucheka. Alicheka yeye, peke yake, mpaka akashika mbavu.

Kisha akanyoosha mkono. Nikarudisha wa kwangu nyuma, kwa mazoea.

"Kile kidude kimefungwa?" akauliza.

"Kimefungwa."

"Hakipimi?"

"Hakipimi, bibi."

"Basi lete."

Nikampa. Akaupokea kwa yote miwili, akaanza: habari za Mpanda, habari za Tunduma, habari za Chunya. Nikajibu moja moja. Nilisubiri tena nisikie kitu. Nilisikia mifupa yake tu, ilivyo myepesi, na ngozi kavu ya kiganja isiyotoa jasho lolote.

Alipomaliza akalitazama gunia miguuni mwangu. Nusu gunia, kwa watu elfu moja na mia moja.

"Hicho ndicho umetubebea?"

"Ndicho."

"Kidogo."

"Kidogo, ndiyo."

"Haya, beba."

Nikalipandisha begani. Yeye akatangulia kuelekea kijijini, Sechelela akamshika kiwiko, mimi nikafuata nyuma.